Namba ya Bure

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi. Nusu. Bosi wa karakana ya makochi alinipa kiti kilichochakaa, akakaa pembeni na chai yake kuniangalia. Nikakivua kitambaa, nikabadilisha sponji, nikavuta kitambaa kipya mpaka pembe zikakaa bila kukunjamana. Bosi akapitisha kiganja. Akasema mkono ninao. Tangu niingie nchi hii hakuna aliyenisifu kwa lolote, kwa hiyo nilifurahi, halafu nikaanza kujiuliza ananisifia nini.

Ndipo akatoa la moyoni. Kazi ni yangu Jumatatu ya tarehe 18, ila nije na namba. Namba ya serikali, ile wanayopewa wageni wote wanaotaka kufanya kazi. Bila hiyo hawezi kuniandikisha, hawezi kunilipa, na hataki ugomvi na serikali. Nisipokuja nayo atachukua mtu mwingine.

Jioni nikamuuliza shemeji namba hiyo inauzwaje. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ndiye aliyenipokea, nalala sebuleni kwake. Akasema haiuzwi. Unakwenda ofisini na pasipoti, unajibu maswali, unapewa. Bure.

Bure! Serikali ya watu, isiyonijua wala kunidai, inipe kitu bure. Nikamkazia macho shemeji. Alikuwa anatafuna mkate. Hakutetereka hata kidogo. Kuna kitu anakijua.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kuichunguza ofisi kabla haijanichunguza mimi. Nikavaa koti la shemeji ili nisitambulike, nikaketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara. Nikatazama mlango asubuhi nzima.

Niliyoyaona yanatisha. Watu wanaingia wamenuna. Wanatoka wanatabasamu. Wanafanywa nini humo ndani?

Mlinzi wa mlangoni akaanza kunitupia jicho. Nikajifanya nakuna goti. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka nilipo. Moyo ukaniruka. Akasema afadhali nimefika, maana wamenisubiri tangu wiki iliyopita. Nikajua nimekwisha. Serikali ilikuwa inanisubiri!

Akaniongoza mlango wa nyuma, akanibebesha furushi la mapazia. Mapazia ya ofisi nzima. Koti la shemeji, ambalo sikulitazama mgongoni, limeandikwa jina la duka la dobi shemeji anakofanyia kazi, kwa herufi kubwa za njano. Ningekataa ningeulizwa mimi ni nani, na hilo ndilo swali nililokuwa nalikwepa. Nikayabeba mpaka nyumbani. Yananuka vumbi la miaka.

Shemeji alirudi akakuta sebule imejaa mapazia ya serikali. Akauliza kama nimepata namba. Nikasema bado, niko kwenye maandalizi.

Jumatano, 6 Machi

Huyu Kimya sasa namshuku waziwazi.

Kimya ni mpangaji wa shemeji. Godoro lake linatazamana na langu. Nimempa jina hilo kwa sababu hakoromi, na mtu mzima asiyekoroma lazima ana anachokisikiliza. Alifika nchi hii karibu na siku niliyofika mimi. Anagawa mkate wake bila kuombwa. Anaosha vikombe visivyo vyake. Nani anaishi hivyo bila sababu?

Leo asubuhi alikwenda ofisini kwa miguu yake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi na namba. Akanionyesha karatasi yenyewe, namba nzima, mwanzo hadi mwisho, kama anayenionyesha picha ya mtoto. Akasema akipenda Mungu kesho atanisindikiza nami nikachukue yangu. Nikamshukuru, nikamwambia kesho naumwa.

Mke wangu akapiga simu. Akauliza namba. Nikasema mambo haya hayaendi kwa pupa. Halafu akasema ameshauza kabati na kitanda, analala chini kwa mama yake, anangoja tu nianze kazi ili aombe kuja. Akaniomba safari hii, safari hii moja tu, nisijitie ujanja. Nikamwahidi. Sauti yake ilinichoma. Nimemkumbuka mno mwanamke yule.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeingia ofisini. Peke yangu, bila koti.

Karani ni mama mmoja mwenye miwani, anakaa nyuma ya kioo chenye tundu la kuongelea. Dirisha nyuma yake halina pazia, jua linawapiga wateja usoni. Nikadhani ni mbinu ya kuhoji watu. Baadaye nikakumbuka mapazia yako wapi.

Akauliza jina. Nikampa. Akauliza nilizaliwa lini. Nikampa. Nikaanza kulegea. Ndipo akauliza, bila kuinua macho, kana kwamba anauliza saa: jina la mama mzazi.

Damu ikanisimama. Shangazi yangu alinifundisha tangu sijaota meno: anayetaka kukumaliza hahitaji nguo yako wala unywele wako. Anahitaji jina lako na la mama yako, basi. Mganga yeyote ndivyo anavyoanza. Jina langu nimeshalitoa. Sasa wanataka la pili. Kumbe ndiyo maana ni bure!

Nikafikiri haraka. Kukataa ni kukosa namba, na kukosa namba ni kukosa kazi na mke. Kusema kweli ni kujimaliza. Kubuni jina sikuweza, jua lilikuwa machoni. Likanitoka jina la kwanza lililokuja mdomoni: la mama mkwe. Akataka tarehe na kijiji alichozaliwa, nikampa vyake pia.

Nikiwa bado kwenye kiti nikaona nimefanya jambo la busara sana. Kwanza sikusema jina la uongo, ni jina la mtu halisi. Pili, likitokea la kutokea, mama mkwe ni mwanamke wa chuma. Tangu siku ya harusi ananiita yule wa makochi. Dawa itamfika, itamtazama, itarudi ilikotoka.

Yaliyobaki nikayajibu kwa moyo mweupe: jina la mke, jina la mama yake mke, jina la mwenyeji wangu. Hayo hayana madhara kwangu. Karani akasema watahakiki kisha watanipigia. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya njia.

Jumatatu, 11 Machi

Simu ya mtu nisiyemjua. Sauti ya kike, ya upole. Upole uliozidi. Akasema anatoka ofisi ya namba, kuna kitu kidogo anataka kuhakikisha, anaomba nimtajie tena jina la mama.

Tena! Walilichukua Ijumaa, wamejaribu, halikufanya kazi, sasa wanatafuta lililo sahihi. Nikamwambia aanze yeye kunitajia la mama yake. Akacheka. Hakulitaja. Nikakata.

Akapiga tena. Nikapokea kwa sauti ya kizee, nikasema mwenye simu amesafiri. Akauliza atarudi lini. Nikakohoa mpaka akakata mwenyewe.

Kimya alikuwa pale akikunja shuka. Hakuuliza kitu. Ndivyo wanavyofanya.

Jumanne, 12 Machi

Nilipita karakana kwa bahati mbaya, yaani nilizunguka mtaa mpaka nikapita. Nikachungulia. Kimya yumo ndani! Amebeba sponji kichwani, anapanga. Mkononi ana nyundo ndogo ya mpini mwekundu, ileile niliyotumia kwenye kile kiti siku ya majaribio.

Akaniona, akanipungia. Kwa nyundo yangu.

Bosi naye akatoka. Akaniambia yule jamaa ni mwepesi, ana namba, amemchukua kwa vibarua vya wiki hii. Akauliza yangu iko wapi. Nikasema iko njiani. Akasema Jumatatu asubuhi hana muda wa kungoja kilicho njiani, makochi ya hoteli yanaingia, anahitaji watu walioandikishwa. Kama si mimi, itabidi amfundishe yule kuvuta kitambaa.

Kumfundisha Kimya kuvuta kitambaa! Vidole vyenyewe kama ndizi mbichi. Nimeshindwa kula.

Jioni Kimya akaniambia amemweleza bosi kwamba hajawahi kuona pembe za kiti kama zangu. Najiuliza amelipwa na nani aseme hivyo.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji ameitwa ofisini. Amerudi, ameketi bila kuvua viatu, na shemeji huvua viatu hata akiwa na homa.

Akaniuliza taratibu kama mimi ni ndugu yake. Nikasema mbona tumekuwa kama ndugu siku zote. Akasema si kama. Tumbo moja. Karani amemfungulia mashine akamwonyesha: mama yake yeye, mwenyeji, ni fulani. Mama yangu mimi, mgeni, ni fulani huyohuyo. Na mama wa mke ninayetaka aje kuishi nami ni fulani yuleyule, tarehe na kijiji vilevile.

Kwa hiyo, akasema shemeji, kwa mujibu wa serikali wewe umemuoa dada yako. Na mimi ndiye kaka mkubwa niliyepokea posa.

Meneja mzima alitoka chumbani kwake kuja kumtazama. Wakamuuliza kwa adabu sana desturi hiyo ilianza lini katika familia yetu. Faili langu wakaliweka kando mpaka nijieleze, na bila maelezo namba haitoki.

Kimya akanyanyuka akaenda jikoni. Nikamsikia akicheka. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake yote.

Nikamweleza shemeji juu ya waganga, shangazi, na jina la mama. Nilidhani ataelewa, sisi ni watu wa kwetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: yaani ulikuwa tayari alogwe mama yangu?

Ukiiweka hivyo haipendezi. Nikamwambia niliamini mama ana kinga. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nimemuudhi mtu aliyenipa godoro. Nimelala upande mmoja tu, nikitazama ukuta, nimeona haya.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu amepiga. Alianza kwa kucheka, akaniita kaka. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Akauliza kama nataka aje au sitaki.

Nikasema nataka. Akasema basi kesho niende nikaseme jina la mama yangu, watu wazima wote duniani wanasema majina ya mama zao na wanaamka salama. Akasema sakafu ya kwa mama yake ni ya baridi. Nikamwambia nitasema.

Halafu mama mkwe akachukua simu. Nikasimama wima. Nikasikia analia. Kumbe habari imemfikia nusu: ameambiwa tu kwamba nilipoulizwa mama yangu ni nani, mbele ya serikali, nilimtaja yeye. Akasema hakuwahi kujua kama nampenda hivyo. Ameshawaambia majirani wote. Akaniombea dua ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akaniita mwanangu.

Niliitikia amina mpaka mwisho wa dua, sitaki kusema uongo. Lakini baada ya kukata nikakaa nikafikiri. Miaka yote hiyo hajawahi. Leo mwanangu. Anataka nini?

Mama yangu mzazi naye katuma ujumbe. Anasema nimsalimie mama yangu mpya, yeye amestaafu.

Ijumaa, 15 Machi

Tumekwenda watu watatu. Shemeji mbele, hasemi. Mimi katikati. Kimya nyuma, amebeba mapazia ya ofisi, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yananukia. Alijitolea mwenyewe kuyabeba, ameomba ruhusa kwa bosi. Nikamweka upande niliokuwa namwona.

Mlinzi akafurahi kuona mapazia. Akaniambia mimi ndiye dobi mwaminifu kuliko wote. Shemeji akavuta pumzi ndefu.

Karani yuleyule, miwani ileile. Meneja amesimama nyuma yake na kikombe, na makarani wa madirisha mengine wameacha kazi. Akauliza: jina la mama mzazi.

Nikageuka. Foleni nzima inanitazama. Nikainama mpaka kwenye tundu la kioo, nikanong'ona. Akasema hasikii. Nikanong'ona tena. Akasema niongeze sauti. Shemeji akanipiga kiwiko. Kimya, Mungu ampe anachostahili, akawageukia watu wa foleni, akaanza kuwakunjulia pazia moja kuwaonyesha lilivyotakata, na wote wakatazama pazia.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina la mama kwenye kiganja changu, nikakibandika kwenye kioo. Karani akasoma. Akaandika. Nikakifuta kwa mate kabla wino haujakauka.

Meneja akauliza sasa yule mwanamke ni nani wangu. Nikasema mke. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na hapo sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, watu wakageuka kutoka kwenye pazia.

Tukasubiri kwenye benchi. Kimya akagawa mkate. Kisha karani akaniita, akanipa karatasi. Jina langu. Chini yake namba, ndefu, nyeusi, yangu peke yangu. Akasema karibu, na kazi njema. Nikatoka nje nikiwa nimenuna nisije nikaonekana kama wale wa siku ile, lakini midomo haikutii. Nilitabasamu barabara nzima.

Nimempigia mke wangu. Alilia. Nami nililia, lakini kidogo, na nikiwa chooni.

Shemeji ameongea nami tena. Amenitaka niape, mbele ya Kimya, kwamba ujanja umekwisha. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama. Sikulitaja.

Jumapili, 17 Machi

Namba haiwezi kukaa mfukoni. Chini ya godoro ndipo mwizi anapoanza. Kimya alipotoka kwenda kununua sabuni, nikafumua mshono wa kiti cha shemeji, nikaisokomeza karatasi ndani ya sponji, nikashona tena. Kazi safi, hata mimi siuoni mshono. Namba yenyewe nimeikariri kichwani.

Shemeji ameketi juu yake jioni yote akitazama mpira. Hajui kitu. Amenisamehe, ameniwekea chai. Nimemwangalia nikamwonea huruma, mtu mwema asiyejua kujilinda.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza kazini! Nimefika kabla ya bosi. Nimepewa nyundo ya mpini mwekundu. Makochi ya hoteli yamepangwa hadi mlangoni, na bosi amesema pembe zote ni zangu, Kimya ataniletea sponji. Kimya amefurahi. Bado nachunguza kwa nini.

Kisha tukaitwa kwa karani wa karakana, kijana mwenye tai fupi, kuandikishwa. Akaanza na Kimya. Kimya akaitoa namba yake yote kwa sauti, watu wote wa karakana wakisikia, mpaka dereva wa gari la mbao. Nilifumba macho kwa niaba yake.

Zamu yangu. Kijana akainua kalamu, akasema haya, namba. Haraka hivyo. Hata hatujajuana. Hajaniuliza nimelalaje. Nikajiuliza mtu anayeishi kwa kukusanya namba za watu huwa anazifanyia nini zikishakuwa nyingi.

Nilikumbuka kiapo. Niliapa juu ya jina la mama, na jina la mama sikuulizwa. Hapa ni namba. Nikamtajia namba yangu vizuri kabisa, polepole, kwa heshima, ila mbili za mwisho nikazipindua, ya mwisho nikaitanguliza. Akaandika yote. Akaniambia mshahara utalipwa kwa namba hiyo, na ofisi itaitumia hiyohiyo kwenye ombi la mke wangu. Nikamwambia sawasawa, asisahau hata moja.

Nimemaliza kochi la kwanza kabla ya chakula. Bosi amepitisha kiganja, amecheka. Mke wangu nimemwambia aanze kufunga mizigo. Moyo wangu umetulia leo kuliko siku zote tangu nifike. Mwizi yeyote atakayejaribu kuufuata mshahara wangu kwa namba ile hataambulia hata senti.